Juu, Chini, na Mayai Kumi na Tisa

Alhamisi, 3 Machi

Masika yameingia kwa fujo. Jana magharibi ukuta wa banda la kuku ulianguka. Ulikuwa na ufa tangu mwaka juzi, na Baba amekuwa akisema ataushughulikia kesho. Kuku walikuwa wameshaingia ndani kwa sababu ya mvua. Jogoo mmoja na matetea kumi na moja, hakupona hata mmoja. Mimi na wifi yangu tulifukua kwa mikono, matope hadi viwikoni, na Baba alisimama mlangoni akitumulikia kwa tochi.

Hawa si kuku wa kuokota. Ni vishingo, shingo tupu nyekundu na kishungi cha manyoya ya rangi ya shaba kifuani, na ukoo wao ulianza kwa bibi, mama yake Baba. Baba alistaafu udereva wa malori na vitu viwili tu: mgongo mbovu na kuku hawa. Leo hajatoka chumbani mpaka saa sita. Nilimpelekea chai, akasema, "Weka hapo," na ilipoa pale pale.

Mchana wifi alifungua kabati atoe mayai ya keki. Mayai kumi na tisa, ya juma zima, yamejaa kwenye bakuli la bluu. Nilimshika mkono kabla hajapasua la kwanza. Akaniuliza kama nimepagawa. Nikamwambia, wifi yangu, hayo ndiyo kuku wote waliobaki duniani wa nyumba hii.

Ijumaa, 4 Machi

Nimezunguka kwa majirani wote wenye kuku. Hakuna tetea hata mmoja anayeatamia. Basi nitatengeneza mashine. Mimi kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, siwezi kushindwa na kupasha moto sanduku.

Jumamosi, 5 Machi

Friji bovu lililokuwa karakana limepata kazi mpya. Nimelilaza chali, nimetoboa matundu ya hewa, nimefunga balbu mbili na kidirisha cha kioo kwenye mlango ambao sasa ndio kifuniko, na nimeweka thamostati ya kudhibiti joto niliyoitoa kwenye hita ya maji. Feni sina. Moyo unanidunda kama mwanafunzi siku ya matokeo.

Nimejiunga pia na jukwaa la watotoleshaji mtandaoni. Barua za kila mtu zinafika kwa kila mtu. Msimamizi anajiita Karani, na amenitumia makaribisho yenye kanuni kumi na moja. Nimesoma mbili nikaruka zingine. Mimi nina mayai, yeye ana kanuni.

Jumapili, 6 Machi

Yameingia! Saa tatu asubuhi, mayai yote kumi na tisa, kila moja nimelichora alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili ili nikigeuza nisipotee. Siku ishirini na moja kuanzia leo ni tarehe ishirini na saba. Nimemwita Baba aje aone. Alichungulia kwenye kioo, akaniuliza, "Friji linatotoa?" Nikasema hili litatotoa. Akarudi kukaa. Lakini alikuja kuangalia, na mimi nimeliandika hilo hapa kama ushindi.

Jumatatu, 7 Machi

Kipimajoto kinanitia wasiwasi. Kikikaa juu, usawa wa mayai kwenye trei, kinasoma namba moja. Kikikaa chini, sakafuni, kinasoma nyingine, pungufu ya nyuzi mbili nzima. Nimeandika jukwaani, kwa simu, pale pale kishale cha kuandikia kilipojiweka, juu ya ile barua ndefu ya makaribisho: "Habari zenu. Sanduku langu halina feni. Je, kipimajoto kiwe juu au chini?"

Nusu saa haikupita, Karani akajibu. Ilibidi niteremke na kidole kupita kanuni zote kumi na moja ndipo nikayakuta maneno yake mkiani kabisa:

"Chini, dada. Siku zote chini. Ukiweka juu unavuruga kila kitu. Karani."

Ndivyo napenda watu. Neno moja, umemaliza. Nimeshusha kipimajoto sakafuni na kukaza thamostati mpaka pale chini pasome nyuzi thelathini na nane. Nimerudi kwenye mota zangu nikiimba.

Jumanne, 8 Machi

Mvua. Nyuzi thelathini na nane. Nimegeuza mara tatu.

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Thelathini na nane kamili, haitikisiki. Wifi anasema sijawahi kumwangalia mwanamume jinsi ninavyoliangalia friji.

Ijumaa, 11 Machi

Mvua. Kioo kina jasho. Baba amepita karakana mara mbili akisingizia anatafuta koleo.

Jumapili, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo ni siku ya saba, siku ya kumulika, kuona ndani ya yai kuna nini. Nilifunga madirisha, nikachukua tochi na kopo lililotobolewa, na Baba akakubali kukaa pembeni kwenye stuli. Yai la kwanza lilikuwa tupu, jeupe, halikuwahi kuwa na kitu. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na duara la damu kama pete, na ndani ya pete hakuna kinachotikisika. Baba akasema taratibu, "Hilo lilianza, likafa." La nne, pete. La tano, pete.

Hesabu ni hii. Matano matupu. Sita yenye pete. Manane hai, yenye mishipa myembamba imetanda na kitone cheusi kinacheza katikati. Nilipoona kitone cha kwanza kinacheza nilimshika Baba goti bila kujua, naye hakuliondoa.

Yale manane yote yalikuwa ukingoni, ambako lastiki ya friji imechakaa na joto linavuja. Nikachukua kipimajoto nikakilaza juu ya mayai ya katikati. Nyuzi arobaini na nusu. Nimekuwa nikiwapika wana wa watu kwa wiki nzima.

Niliandika jukwaani: "Nimefuata maelekezo ya Karani, nimeweka kipimajoto chini. Mayai sita yamekufa."

Mama mmoja anayeitwa Mama Trei, mwenye mashine ya mayai mia tatu, alijibu palepale, juu ya barua yangu: "Nani kakudanganya? Kipimajoto juu, dada, usawa wa mgongo wa yai!"

Halafu Karani, chini kabisa kama kawaida yake: "Dada, mimi sikuzungumzia kipimajoto. Nilikuwa nakueleza kanuni ya nne. Jibu huwekwa chini ya maneno unayoyajibu, si juu yake. Niliona salamu zako zimekaa juu ya barua yangu, nikajibu bila kusoma hadi kwenye swali. Nimesikitika sana."

Nimesoma mara nne. Alikuwa ananifundisha adabu ya kuandika barua. Mimi namuuliza habari za roho, yeye ananisahihisha mpangilio! Na mimi, kichwa kichwa, nikachukua adabu ya barua nikaitia ndani ya friji.

Jumatatu, 14 Machi

Kipimajoto kiko juu. Nimepunguza moto. Hasira haijapungua.

Jumanne, 15 Machi

Jukwaani pamewaka. Niliandika kwamba kanuni ya nne ni ya watu waliokosa kazi, kwamba simu zetu zenyewe huweka kishale juu, kwamba mtu mwenye haraka anataka jibu lianze. Nimeungwa mkono na watu kumi na wanane. Mama Trei anatuita "watu wa juu". Upande wa pili wako "watu wa chini", wazee wazee wa jukwaa, wanasema barua ni mazungumzo na hakuna anayejibu kabla ya kuulizwa. Nikawaambia mayai yangu sita yaliulizwa yakajibiwa chini, wakayaone yalipo. Nakiri nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nashindilia vidole kwenye simu, meno nje, wifi ananichungulia kana kwamba nina homa.

Alhamisi, 17 Machi

Karani ameachia ngazi. Barua fupi: "Neno langu moja limeharibu mayai ya mtu. Aliyeweka kanuni hawezi kuendelea kuzisimamia akiwa amelifanya hilo. Andikeni mnavyopenda." Watu wa juu wameshangilia. Mimi nilianza kushangilia, nikaacha katikati. Sikutaka aondoke. Nilitaka akiri tu, naye alikuwa ameshakiri tangu Jumapili.

Ijumaa, 18 Machi

Mvua. Manane yote hai. Baba amegeuza mwenyewe zamu ya mchana, msalaba juu, duara chini.

Jumapili, 20 Machi

Nimemulika tena. Manane. Kitone kimekuwa kivuli, kivuli kina jicho. Baba alitaka kuona kila moja mara mbili. Halafu akasema jambo ambalo amelibeba tangu siku ile: "Ule ufa niliuona kila siku, mwanangu." Nikamwambia sote tuliuona. Akatikisa kichwa akasema kuku hawakuwa wa sote. Tukarudisha mayai mahali pake.

Jumanne, 22 Machi

Naandika vidole vikiwa bado vya baridi, ila lazima niandike lote.

Saa nane mchana nguzo ya umeme ya mtaa wa pili imelala chini na mvua. Balbu zikazimika. Siku ya kumi na sita, mayai manane, na fundi wa umeme mwenyewe amekaa gizani. Nilipiga simu kitengo cha dharura, wakaniambia si kabla ya jioni. Ndani ya robo saa kipimajoto kilishuka nyuzi moja. Roho ikawa juu.

Nikaandika jukwaani maswali matatu kwa pamoja. Moja, nifungue kifuniko hewa iingie? Mbili, chupa za maji ya moto niziweke juu ya trei au chini yake? Tatu, niendelee kugeuza?

Majibu yakamiminika, Mungu awabariki, watu kumi na wawili ndani ya dakika kumi. Wifi alikuwa anachemsha maji jikoni kwa gesi. Mimi mikono imelowa, simu nimeisimamisha kwenye sanduku la spana, namsomea Baba kwa sauti ili anisaidie kushika.

"Ndiyo, haraka," nikasoma.

"Ndiyo nini?" Baba akauliza.

"Sijui. Swali liko chini." Nikateremka. Chini kulikuwa na jibu la mtu mwingine kwa mtu mwingine. "Anasema, usithubutu, utayaua yote."

"Usithubutu nini?"

"Subiri. Huyu anasema, juu, kama alivyosema dada hapo juu."

"Dada yupi?"

"Hayupo hapo juu, Baba, mwenye kumtaja ameandika juu yake, sasa yeye yuko chini."

"Na aliyeko chini anasemaje?"

"Anasema nakubaliana na wa chini."

Baba aliinuka kwenye stuli. Sijamwona akiinuka hivyo tangu ukuta uanguke. Akanipokonya simu, si kwa hasira, akaitia mfukoni mwake, akasema, "Mwanangu, kuku hukaa wapi?"

"Kwenye kiota."

"Juu ya yai, au chini ya yai?"

Nikaligeukia friji.

"Umewahi kuona yai limekaa juu ya kuku? Lete hizo chupa."

Tukazifunga taulo, chupa nne, tukazining'iniza kwa waya wa mota chini ya balbu, juu tu ya migongo ya mayai, zisiguse. Kifuniko tukakifunika blanketi na matundu mawili tukayaacha wazi. Baba alipanga zamu: wifi anachemsha, mimi nabadilisha, yeye anasoma kipimajoto na kutamka namba kwa sauti kama kondakta anayetaja vituo. Thelathini na sita. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Kila namba ikipanda tulikuwa tunapigana mabega. Wifi, ambaye tangu mwanzo alitaka keki, aliungua kidole na hakulalamika.

Umeme ulirudi saa moja jioni. Tulimulika papo hapo. Manane, yote yanacheza. Nimeruka ruka humu karakana nikajigonga kwenye vaisi ya kubania vyuma, na Baba amecheka. Amecheka, shajara, nimesikia kwa masikio yangu.

Jumatano, 23 Machi

Asubuhi niliyapitia tena yale majibu ya jana, polepole, na kalamu mkononi. Ukweli ni kwamba jibu sahihi lilikuwepo. Watu watatu walisema chupa ziwe juu. Lilikuwa limezikwa katikati ya "ndiyo" na "hapana" zisizo na mwenyewe.

Halafu nikaenda kwenye kumbukumbu za zamani, za miaka ambayo Karani alikuwa na rungu lake. Nikamsomea Baba mjadala mmoja wa mwaka wa mafuriko. Kila mtu ananukuu mstari mmoja wa mwenzake, tena mmoja tu, na chini yake anaujibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Baba alikuwa anasikiliza kama anasikiliza mpira redioni. Nilipotaka kuishia, akaniuliza, "Yule wa unyevu alipona?" Nikaendelea kusoma mpaka ugali wa watu ukapoa.

Nimemwandikia Karani peke yake. Sikuomba radhi kwa sababu mayai sita ni mayai sita, lakini nilimwambia jana ilivyokuwa, na Baba alivyouliza "ndiyo nini".

Alhamisi, 24 Machi

Siku ya kumi na nane. Leo hakuna kugeuza tena. Nimeongeza maji kwenye bakuli la unyevu lililo ndani na kufunga. Halifunguliwi mpaka watoke.

Karani amejibu. Alikuwa kweli karani, wa masijala, miaka thelathini. Kila Jumamosi huchapa mijadala ya wiki na kuipeleka nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, ambako wanamsubiri wafugaji kumi na mmoja wasio na simu za mtandao, wengine macho yamechoka. Anawasomea kwa sauti. "Barua ikianza na jibu," ameandika, "yule bibi wa mstari wa mbele huniuliza kila mara: ndiyo nini? Dada, niliposoma barua yako ikabidi nikae chini."

Nilipiga yowe mpaka wifi akaja mbio na mwiko. Bibi wa mstari wa mbele na Baba yangu, hawajuani, neno ni lile lile! Kwa hiyo miaka yote hii alikuwa anawatetea wasikilizaji ambao sisi wa simu hatukujua kama wapo. Na mimi nikamwita mtu aliyekosa kazi, mbele ya watu mia mbili.

Nimeandika jukwaani kwamba nahama. Mimi sasa ni mtu wa chini. Nukuu mstari unaoujibu, kata mwingine wote, jibu chini yake. Mama Trei ameniita msaliti, akaweka na kikaragosi kinachocheka. Nimeomba Karani arudi, na nimeomba kanuni ya kumi na mbili: anayetaja juu au chini ataje ni juu ya nini, chini ya nini.

Ijumaa, 25 Machi

Karani amerudi. Kanuni ya kumi na mbili imepita kwa kura zote, hata ya Mama Trei. Mvua.

Jumamosi, 26 Machi

Kimya ndani. Nimeweka sikio kwenye kioo mara ishirini.

Jumapili, 27 Machi

Siku ya ishirini na moja. Hakuna kitu. Hakuna ufa, hakuna sauti. Baba amekaa kwenye stuli tangu asubuhi na amekataa chakula. Wifi anasema labda siku zinahesabiwa vingine. Nimemjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi.

Saa kumi alasiri Karani alitutumia mjadala wa kumbukumbu, na mistari ameikata vizuri: mtu ambaye mayai yake yalipoa kwa muda wa saa tano siku ya kumi na sita, yakachelewa siku nzima. Nimemsomea Baba. Akasema, "Basi tusubiri kesho." Lakini alikuwa anaminya magoti yake.

Jumatatu, 28 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi Baba aliita jina langu la utotoni, ambalo halitumii siku hizi. Nilikuja mbio na kijiko bado mkononi. "Sikiliza," akasema. Niliweka sikio. Ndani ya friji kulikuwa na mtu analia. Sauti ndogo, nyembamba, yenye hasira.

Yai lenye alama iliyofutika nusu lilikuwa na kitundu, na ndani ya kitundu ncha ya mdomo inapigapiga. Nikaandika jukwaani: "Limetoboka." Simu ikaanza kutetemeka haikukoma. Watu wameacha kazi zao. Mama Trei anasema ameketi juu ya gunia la pumba hawezi kusimama. Na saa nne Karani, Karani mwenyewe, akatuma barua isiyo na nukuu, isiyo na salamu, isiyojibu chochote cha juu wala cha chini: "Vipi sasa?"

Saa tano na dakika kumi ganda likakatika duara zima, na kifaranga kikajisukuma nje, kimelowa, kibaya cha sura, shingo tupu. Shingo tupu! Baba alishika kioo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa analia, na hakujificha. Akasema, "Ni wenyewe. Ni wenyewe hasa." Wa pili alitoka saa saba. Wa tatu na wa nne walifuatana. Wa tano saa kumi. Wa sita alisumbua mpaka magharibi, na Baba alinizuia nisimsaidie, akaniambia atoke kwa nguvu zake.

Mawili hayakutoboka. Sita hai. Nimewaandikia kila mmoja aliyeuliza, nimenukuu swali lake, nimejibu chini yake, barua thelathini na nne, na sikuchoka hata kidogo.

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua. Mmoja amekufa, yule wa mwisho. Watano wanakula kama wanadaiwa.

Jumamosi, 9 Aprili

Baba amekuwa mwanachama. Mimi ndiye mwandishi wake. Wamempa jina Babu Kishingo. Mtu akiuliza kuhusu vifaranga kuharisha, Baba ananiambia, "Andika swali lake kwanza, alisome kila mtu," halafu anatamka jibu huku akitembea. Leo amejibu watu saba. Mwenyewe anasema analisaidia jukwaa tu, lisipotee njia.

Jumatano, 20 Aprili

Baba na mafundi wawili wamejenga banda jipya. Matofali ya kuchoma. Amepima ukuta kwa timazi mara tatu.

Jumapili, 8 Mei

Kuna jambo tumelizunguka wiki nzima na leo wifi amelitaja mezani: kati ya hawa watano, jogoo yupo? Bila jogoo ukoo unaishia hapa, tumeongeza miaka michache tu. Baba aliweka kijiko chini. Wanne ni matetea, akasema, vilemba vyao vimelala na vimepauka. Wa tano hataki kumsemea. Nikamwambia, Baba, wewe umefuga miaka arobaini, unajua. Akanijibu, "Najua ninachotaka. Ndiyo maana siliamini jicho langu."

Jumatatu, 16 Mei

Mvua zinapungua. Jukwaani wote wanauliza habari za wa tano. Baba amenikataza kujibu.

Jumanne, 24 Mei

Jua. Wa tano amesimama peke yake juu ya tofali siku nzima. Baba anajifanya hamwoni.

Jumapili, 29 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi, kumeshapambazuka, nilikuwa napiga mswaki uani. Yule wa tano alipanda kwenye ukuta mpya, akanyoosha ile shingo yake tupu, na akatoa sauti ya ajabu, nusu kikohozi nusu mlango unaofunguka. Nikadhani amekabwa. Akajipanga upya, akafumba macho, akarudia, na safari hii hakuna mtu mzima wala mtoto ambaye asingejua ni nini.

Baba alitoka bila viatu, shati halijafungwa vifungo, mgongo mbovu ameusahau kitandani. Alisimama katikati ya matope akimtazama. Jogoo akawika mara ya tatu, akikwaruza, akiishia katikati kama mvulana aliyevunja sauti. Matetea wanne chini wakanyamaza wakamwangalia.

"Umesikia?" Baba akaniuliza.

Nikamwambia nimesikia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa povu na macho yamejaa machozi.

"Wote wanasubiri," akasema. "Lete simu. Waandikie."

"Ninukuu swali la nani, Baba?"

"Mwanangu, andika juu, andika chini, andika popote. Waambie tu."